Mtoto Aliyelala Njaa

Binti yangu alipozaliwa hakulia sana. Alitoa sauti moja, fupi, kama mtu aliyeshtuliwa usingizini, kisha akanyamaza na kunikodolea macho. Mkunga alimweka kwenye mizani. Kilo tatu kamili. "Huyu ni mpole," akasema, na mimi nikalichukua neno hilo nikaenda nalo nyumbani kana kwamba ni zawadi.

Nyumbani ni mtaa wa Pipeline, ghorofa ya tano. Tulikuwa na chumba kimoja chenye pembe ya jikoni, na dirisha letu lilitazama ukuta wa jengo la jirani, karibu kiasi kwamba ungenyoosha fimbo ya ufagio ungeugusa. Taa tuliiwasha asubuhi na mchana. Nilikuwa nimezoea. Sikujua kwamba katika mwanga ule wa balbu mtu anaweza kumtazama mtoto wake siku nzima na asimwone.

Mume wangu alipewa siku mbili za kukaa nasi, kisha akarudi kazini, karakana ya kuchomelea vyuma huko Kariobangi. Mama yangu mdogo, aliyenilea tangu mamangu mzazi alipofariki nikiwa darasa la pili, ndiye aliyekuwa aje anikalie siku arobaini. Lakini wiki ile presha yake ilipanda, daktari akamwambia asitoke kitandani. Kwa hiyo alibaki nyumbani kwake Mbotela, akawa ananipigia simu asubuhi na jioni. Mimi humwita Mama tu.

"Ananyonya?" angeuliza.

"Ananyonya, Mama."

"Analala?"

"Analala sana."

"Alhamdulillahi. Na wewe ulale akilala."

Na kweli nililala. Nataka niseme jambo hili mapema, kwa sababu nililificha kwa muda mrefu. Kunyonyesha kulikuwa kunaniuma kupita nilivyoambiwa. Chuchu zilikuwa zimepasuka siku ya pili tu, na kila mtoto alipokamata titi nilikunja vidole vya miguu na kuhesabu kimoyomoyo mpaka maumivu yapungue. Alikuwa akivuta mara nne, mara tano, kisha analegea na kusinzia na titi mdomoni. Sikumwamsha. Nilimtoa polepole, nikamlaza, nikafunga vifungo vya gauni, nikashukuru. Usingizi wake ulikuwa pumziko langu. Alipolala saa nne mfululizo nilifurahi. Alipolala saa sita nilifurahi zaidi.

Jirani yangu wa mlango wa pili alikuwa na mtoto wa miezi miwili aliyelia kuanzia chai ya asubuhi hadi taarifa ya habari. Alikuja kuniona akiwa amembeba begani, anampigapiga mgongo. Alimwangalia wangu aliyekuwa amelala chali, mikono imeachia pande zote mbili.

"Wewe umebahatika," akanambia. "Tubadilishane hata kwa siku moja."

Tulicheka. Ilikuwa siku ya nne.

Siku ya tano, kama saa nne asubuhi, nilisikia hatua za Mama kwenye ngazi. Hakuwa amenieleza kwamba anakuja. Alikuwa akipanda ghorofa moja, anasimama, anahema, anapanda nyingine. Aliingia na thamosi ya uji wa pilipili manga chini ya buibui, akaiweka mezani, akanawa mikono, akaja moja kwa moja kwa mtoto. Alimnyanyua akisoma Bismillahi, akiwa bado anatabasamu. Kisha tabasamu likasimama.

"Mbona mwepesi hivi?"

"Ni mdogo tu, Mama. Kilo tatu."

Alimpimapima mikononi, juu na chini, kama mtu anayetafuta uzito uliojificha. Akamlaza kitandani, akafungua nepi. Ilikuwa kavu. Katikati yake palikuwa na doa dogo la rangi ya matofali yaliyosagwa.

"Hili ni nini?"

Nilimwambia nilisikia watoto wa kike hutokwa na damu kidogo siku za mwanzo, ni kawaida.

"Hii si damu. Amekojoa saa ngapi?"

Nilijaribu kukumbuka asubuhi ile. Nilijaribu kukumbuka jana. Nilikuwa nimebadilisha nepi, ndiyo, lakini kwa mazoea, na kila nilipoikuta nyepesi nilidhani nepi za siku hizi zinanyonya vizuri mkojo ukapotea.

"Mwanangu," Mama akasema, na sauti yake ilikuwa imeshuka, "nakuuliza, mtoto amekojoa saa ngapi?"

"Sijui."

Akamkuna nyayo kwa ukucha. Mtoto akavuta mguu kidogo, akauachia. Akalowesha ncha ya leso maji baridi, akampangusa usoni. Mtoto akakunja uso, akafungua mdomo kama anayetaka kulia, na hakuna sauti iliyotoka. Mdomo ulikuwa mkavu kwa ndani. Niliuona ulimi wake, ulimi mdogo usio na mate.

Jirani alikuwa amesimama mlangoni. "Mpeni maji ya glukosi, atachangamka," akasema.

"Hapana," Mama akasema. "Nataka nimwone kwenye mwanga kwanza."

Akambeba, akatoka naye mbio, mwanamke aliyekuwa ameambiwa asitoke kitandani, akapanda ngazi hadi juu ya paa tunakoanika nguo. Nilimfuata nikishikilia ukuta, mshono wa kujifungua bado unaniuma. Juu kulikuwa na jua kali na mashuka ya watu yakipepea. Mama alimfunua mtoto kifua. Akabonyeza ngozi kwa kidole, akakiondoa.

Alikuwa wa manjano. Uso, shingo, kifua, mpaka kitovuni. Weupe wa macho, alipofunuliwa kope, ulikuwa wa manjano vilevile. Siku tano nilikuwa nikimtazama chini ya balbu na sikuona.

"Vaa viatu," Mama akasema.

Tuktuk ilitufikisha hospitalini. Mama alikaa akimkuna mtoto nyayo njia nzima, na mimi nilikaa nikitazama kifua chake kupanda na kushuka. Niliogopa kupepesa macho. Nilihisi nikipepesa tu, kitasimama.

Muuguzi aliyetupokea alikuwa mama wa makamo mwenye sauti ya chini, saa imebandikwa kifuani kwa pini. Alimvua mtoto nguo zote, akamlaza kwenye mizani. Akasoma. Akamwinua, akairudisha mizani kwenye sifuri, akamlaza tena.

"Alizaliwa na kilo ngapi?"

"Tatu, sista."

"Sasa ana mbili na gramu mia tano na hamsini."

Sikuelewa vizuri. Nilijua watoto hupungua kidogo baada ya kuzaliwa. Nilikuwa nimeambiwa kliniki. "Si hupungua?" nikauliza.

"Hupungua. Si hivi."

Daktari alikuja, kijana mwenye macho ya kuchoka. Alimchoma mtoto kisigino, akachukua tone la damu akalipima papo hapo, akamwambia muuguzi jambo kwa Kiingereza cha haraka. Sukari ilikuwa imeshuka. Walianza kutembea upesi. Hilo ndilo lililonitisha kuliko maneno. Mpaka hapo walikuwa wakitembea kama watu wa kazini, na sasa walikuwa wakitembea upesi.

Walipomaliza kumwekea mpira mwembamba puani ufike tumboni, daktari alinigeukia.

"Mama, mtoto wako hajapata maziwa ya kutosha."

"Lakini ananyonya."

"Mara ngapi kwa siku?"

"Akilia."

"Na analia mara ngapi?"

Mama alinishika mkono.

"Mtoto mchanga anatakiwa anyonye mara nane, mara kumi, hata kumi na mbili kwa siku moja na usiku wake," daktari akasema. Hakuwa mkali. "Asipopata, mwili unaanza kubana matumizi. Nguvu za kulia zinaisha kabla ya nyingine. Anaonekana amelala. Kumbe amechoka."

Nimeambiwa mambo mengi mabaya katika maisha yangu, mengine kwa makusudi. Hakuna lililonichoma kama hilo, lililosemwa kwa upole na kijana ambaye hakujua kwamba nilikuwa nikiufurahia usingizi ule.

Walimlaza ndani ya sanduku la kioo, chini ya taa za buluu za kuondoa umanjano, macho yamefunikwa kwa kitambaa, mpira puani, nepi tu mwilini. Niliruhusiwa kumgusa kupitia tundu la pembeni. Mguu wake ulikuwa mwembamba kuliko kidole changu cha gumba. Nilikuwa nimevalisha ule mguu soksi kila siku.

"Atakufa?" nilimuuliza muuguzi. Sikumwuliza daktari. Nilimwuliza yeye.

"Ameletwa," akasema. "Sasa njoo, tuna kazi mimi na wewe."

Alinipeleka kwenye chumba kidogo chenye viti vya plastiki, ambako akina mama wenye watoto waliolazwa hukamua maziwa. Alinipa kikombe cha chuma, akanionyesha namna ya kushika titi: vidole nyuma ya weusi unaozunguka chuchu, ubonyeze kurudi mbavuni, kisha ukutanishe. Nilikamua titi la kulia, kisha la kushoto. Nilipoinamisha kikombe, maziwa hayakufunika hata chini yote. Yalikimbilia upande mmoja, yakaacha chuma kikimetameta upande wa pili.

Aliyavuta kwa sirinji. Mililita kumi na mbili.

"Anahitaji ngapi?"

"Kwa uzito wake na siku zake, daktari ameandika hamsini, kila baada ya saa tatu."

Nadhani nilisema, "Basi nimemuua." Sikumbuki vizuri. Ninachokumbuka ni kwamba muuguzi aliweka sirinji kwenye trei, akavuta kiti, akaketi mbele yangu, magoti yake yakagusana na yangu.

"Sikiliza. Siku ya kwanza tumbo lake lilikuwa dogo sana. Kijiko kimoja cha dang'a, yale maziwa ya mwanzo ya manjano, kilimtosha kwa mlo mmoja. Siku ya pili akahitaji zaidi kidogo, ya tatu zaidi. Matiti hujaza kwa kuvutwa. Yeye hakuvuta vizuri, kwa hiyo yako hayakuambiwa kwamba kuna mtu anasubiri. Hivyo tu. Tutayaambia."

"Na leo atakula nini?"

"Zako kumi na mbili zinaingia kwanza. Zilizobaki tunajaza na maziwa ya kopo, kwa amri ya daktari. Leo tunamwokoa. Kesho tunapunguza ya kopo. Na usinitazame hivyo, kopo si adui yako leo."

Nilimtazama hivyo hivyo. Katika ukoo wetu hakuna aliyelelewa kwa kopo, na nilijua hilo lingesemwa. Lakini nilipoyaona yakishuka polepole kwenye ule mpira, nilitamani yashuke haraka zaidi.

Siku mbili zilizofuata nilikamua kila baada ya saa tatu. Kumi na tano. Kumi na nane. Halafu kumi na nne, nikalia. Kando yangu alikaa mama mmoja wa mapacha, mwenye mikono mikubwa ya mtu afuaye nguo za watu, ambaye vikombe vyake vilijaa mpaka ilibidi ainue polepole visimwagike. Nilimwonea wivu wa kunitia aibu. Aliniona nikichungulia kikombe changu kila baada ya matone mawili. Bila kuniuliza alivua kitambaa chake cha kichwa, akakitandaza juu ya kikombe akaacha nafasi ndogo tu.

"Acha kukiangalia," akasema. "Unakitisha. Nieleze, mtoto wako anafanana na nani?"

Nikamweleza. Paji la uso la babake, masikio ya Mama, nywele ambazo hatukujua zimetoka wapi. Nilizungumza na mikono ikifanya kazi yenyewe. Alipoondoa kitambaa tulikuta thelathini na mbili.

Mume wangu alikuja saa za kuona wagonjwa, alasiri, nguo zake zikinuka moto wa chuma. Tuliketi uani kwenye benchi la saruji. Nilikuwa nimejitayarisha kumwambia tangu jana yake.

"Nilikuwa nafurahi akilala," nikasema. "Akinyonya nilikuwa naumia. Akilala nilikuwa nafurahi."

Alitazama viatu vyake. Nikaanza kujiona mwanamke ambaye mumewe amemchukia.

"Hata mimi nilifurahi," akasema mwishowe. "Kazini niliwaambia, mtoto wangu hasumbui. Nilijigamba."

Akashika mkono wangu, akaushikilia mpaka kengele ya kuwatoa wageni.

Siku ya tatu hospitalini, mchana, nikiwa natoka kukamua, nilisikia mtoto analia wodini. Kilio cha hasira, chenye kukatika na kuanza upya. Nilipita karibu na sanduku la kwanza, la pili, nikitafuta ni nani huyo, nikifikiri mama yake yuko wapi jamani. Alikuwa wangu. Amekunja ngumi, uso umeiva, miguu inapiga hewa. Sikuwa nimewahi kumsikia akilia hivyo. Nilisimama pale na kikombe mkononi, machozi yakinidondoka kidevuni, mpaka muuguzi akaniambia, "Umeitwa. Unangoja nini?"

Ndiye aliyenifundisha upya siku hiyo. Alinionyesha kwamba nilikuwa nikimpa mtoto chuchu peke yake, na ndiyo sababu ilipasuka na ndiyo sababu hakupata kitu. Alinifanya nisubiri mdomo ufunguke sana, kama wa mtu anayepiga miayo, kisha nimlete mtoto kwenye titi na si titi kwa mtoto, kidevu kizame, mdomo wa chini ujikunjue nje. Safari ya nne alikamata. Sikuumia. Nilingoja maumivu na hayakuja.

"Sasa sikiliza," muuguzi akasema.

Nikasikia. Avute, avute, kisha sauti ndogo kooni, kama mtu anayemeza mate kwa adabu. Avute, avute, ameze. Siku tano nyumbani sikuwa nimeisikia sauti hiyo hata mara moja, na sikujua kwamba ilipaswa kuwepo.

Tuliruhusiwa baada ya siku sita, akiwa na kilo mbili na gramu mia saba na hamsini, ananyonya mwenyewe, bila kopo. Muuguzi alinipa maagizo. Nimnyonyeshe kila baada ya saa mbili au tatu, nimwamshe akipitiliza. Nepi sita au zaidi zilizolowa kila siku, mkojo mweupe. Nimrudishe kliniki baada ya wiki moja. "Ukiona analala bila kuamka kula, au mdomo umekauka, au nepi zimepungua, usisubiri wiki," akasema. "Njoo."

Ungedhani hapo hofu iliisha. Hapo ndipo ilipohamia kwangu rasmi.

Hospitalini kila tone lilikuwa na hesabu yake. Nyumbani maziwa yalitoka ndani yangu yakaingia ndani yake na hakuna aliyeyaona. Niliandika saa kwenye daftari. Niliandika titi la kulia, la kushoto, dakika. Nepi nilizipima mkononi, kisha nikamwaga maji kwenye nepi safi ili nijue iliyolowa vizuri ina uzito gani. Mama, ambaye sasa alikuwa amehamia kwetu na dawa zake za presha, alinitazama tu. Kila mtoto aliponyamaza nilimkuna nyayo. Maskini, alikuwa hawezi kusinzia kama mtu.

Chini ya jengo letu kuna mwanamke mwenye duka la nafaka. Ana mizani ya kielektroniki ya kuweka mezani, yenye sinia pana la chuma. Siku ya tatu baada ya kurudi nilishuka, nikiwa nimembeba mtoto.

"Mama, naomba kupima."

"Kilo ngapi za nini?"

"Mtoto."

Alinitazama, akamtazama mtoto, akapangusa sinia kwa kanga yake akatandaza karatasi safi. Nikampima. Nikaketi kwenye gunia la maharagwe, nikanyonyesha hadi akaachia mwenyewe, nikampima tena akiwa na nguo zilezile. Gramu hamsini na tano zimeongezeka. Zilikuwa ndani yake. Nilitaka kumbusu yule mwanamke.

Nikawa nashuka kila siku. Kisha mara mbili kwa siku. Wateja walizoea, mmoja aliwahi kuuliza kwa utani huyo ni njugu au ndengu. Mwenye duka hakucheka. Alikuwa ananitazama kama Mama.

Siku ya tano ya kupima nilimlaza kwenye sinia kabla ya kunyonya, nikasoma. Nikanyonyesha dakika ishirini, nikasikia akimeza, nikahakikisha. Nikamlaza tena. Namba ilikuwa ndogo kuliko ya kwanza. Nikamwinua, nikamrudisha. Ndogo zaidi. Mara ya tatu mizani ilitoa namba ambayo mtoto wa kilo hizo asingeweza kuwa hai.

Sikufikiri. Nilitoka dukani nikiwa na mtoto kifuani na malapa miguuni, nikasimamisha tuktuk, na nikiwa njiani nilimkuna nyayo mpaka akalia, na alipolia nilidhani analia kwa udhaifu. Nilipofika kliniki nilikuwa nikitweta. Muuguzi yule yule wa wodini alikuwa kwenye zamu huko. Alinichukulia mtoto mikononi bila swali, akamvua, akamlaza.

"Mbili na gramu mia tisa na tisini," akasema. "Amekua. Wiki haijaisha na amekaribia alipozaliwa. Kuna nini?"

Nikamweleza kuhusu mizani ya nafaka. Nilieleza yote, daftari, nepi za maji, gunia la maharagwe. Nilipomaliza alikuwa ameshaweka mtoto begani na mtoto alikuwa akimnyonya kola.

"Hiyo mizani betri imeisha," akasema.

Nilianza kucheka na kicheko kikageuka.

Aliniacha nilie. Kisha akanikalisha. "Nisikilize kama ulivyonisikiliza wodini. Mlo mmoja atachukua hamsini, mwingine themanini, mwingine ishirini kwa sababu alikuwa na kiu tu. Hata wewe huli sahani sawa kila siku. Ukimpima kila mlo utapata wazimu na maziwa yatakukimbia. Mimi nitampima. Wewe hesabu nepi, sikiliza akimeza, mtazame akiachia titi. Mikono yake ikoje akishiba?"

Sikujua. Nilikuwa nimetazama mizani.

"Katazame," akasema.

Jioni ile, mwanga wa mwisho wa jua ukiwa bado juu ya paa, Mama aliniwekea kigoda kati ya nguo zilizokaukia kambani. Nilinyonyesha pale. Alipoanza, ngumi zake zilikuwa zimefungwa kwa nguvu chini ya kidevu, kama bondia. Alimeza, akameza. Ngumi ya kulia ikalegea kwanza, kidole kimoja, kisha kingine. Ya kushoto ikafuata. Mwishowe akaachia titi, kichwa kikaanguka nyuma kwenye mkono wangu, tone la maziwa likashuka shavuni, viganja viwili vimefunguka.

"Sasa huyo," Mama akasema, "huyo amelala."

Sikuiamini sana siku hiyo. Niliendelea kuhesabu nepi kwa miezi mitatu, na hata mwezi wa tano bado niliweka kidole chini ya pua yake nisikie pumzi. Mwenye duka la nafaka, nilipomrudishia shukrani na kumweleza habari ya betri, aliapa kwamba hakujua, kisha akaniambia taratibu kwamba hata ningerudi asingenipa tena ile mizani. Alikuwa na watoto wanne, akasema, na aliogopa kuniona vile.

Binti yangu alinyonya mwaka mmoja na miezi tisa. Asubuhi moja ya Jumapili, Mama akiwa anapika chapati, nilimwita nimnyonyeshe kama kawaida. Alikuja mpaka kwenye magoti yangu, akalitazama titi, akalisukuma kwa kiganja kama mtu anayefunga mlango wa kabati, akageuka akaenda kusimama karibu na Mama akinyoosha mkono. Mama alimkatia kipande, akakipuliza kipoe. Alikila chote akadai kingine. Nilifunga vifungo vyangu nikaenda kusimama dirishani, mbele ya ule ukuta wa jirani, nikisikiliza akitafuna.